Tangazo la ruta lina tarehe ya mwisho: kuendesha radvd kwenye mtandao wa IPv6

Chomeka laptopu kwenye swichi ya mtandao wenye IPv6 na baada ya sekunde mbili tatu itakuwa na anwani kamili, lango la kutokea na seva ya DNS, bila mtu kuandika namba hata moja. Waliozoea IPv4 hudhani kuna seva ya DHCP mahali fulani iliyotoa anwani hiyo na kuiandika kwenye daftari lake. Hakuna. Ruta imetamka sentensi moja tu, "mtaa huu ni 2001:db8:40:1, na mlango wa kutokea ni mimi", na laptopu imejitungia namba ya nyumba yenyewe.

Sentensi hiyo ndiyo tangazo la ruta, na karibu kila kilichomo ndani yake kina muda wa kuisha. Hapo kwenye muda ndipo wasimamizi wengi wanapojikwaa. Kwenye Linux programu inayotumika sana kwa kazi hii ni radvd, ya zamani na ndogo, ambayo waandishi wake wa kwanza ni Pedro Roque na Lars Fenneberg. FreeBSD ina rtadvd, OpenBSD ina rad, OpenWrt hutumia odhcpd, na dnsmasq nayo huiweza kazi hii. Majina ya mipangilio hutofautiana lakini pakiti inayotoka ni ile ile, kwa hiyo maelezo ya hapa yatakufaa hata kama ruta yako si ya Linux.

Ndani ya sekunde hizo mbili tatu

Kifaa huanza kwa kujipa anwani inayoanza na fe80, isiyovuka waya huo. Kabla ya kuitumia huuliza kwa pakiti ya ICMPv6 (ujumbe mfupi wa kuendeshea mtandao wenyewe) aina ya 135 kama kuna mwingine anayeitumia. Kukiwa kimya kwa sekunde 1, inakuwa yake. Kisha hutuma ombi, aina ya 133, kwenda ff02::2, anwani ambayo ruta zote huisikiliza. Kisipojibiwa hurudia kila baada ya sekunde 4, hadi mara 3 kwa mujibu wa RFC 4861 ya mwaka 2007 (RFC ni nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti). Jibu la ruta, aina ya 134, ndilo tangazo lenyewe. Hata asipokuwepo wa kuuliza, ruta hulirudia tangazo hilo kila baada ya muda, likielekezwa ff02::1, yaani kwa wote waliopo.

Tangazo lazima litoke kwenye anwani ya fe80 ya ruta na lifike likiwa na kikomo cha hatua cha 255. Namba hiyo imewekwa makusudi: kila ruta inayopitisha pakiti hupunguza 1, hivyo tangazo lililofika na 254 limetoka nje ya mtandao wako, na kifaa hulitupa.

Kifaa kikishapata kiambishi, yaani biti 64 za mwanzo za anwani, hujazia 64 zilizobaki. Zamani zilitokana na anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao: unaingiza ff:fe katikati na kugeuza biti moja, hivyo 52:54:00:12:34:56 inakuwa 5054:ff:fe12:3456. Kwa njia hiyo mtu aliweza kufuatiliwa kila mtandao aliojiunga nao, ndiyo maana mifumo ya sasa hutumia namba isiyotabirika ambayo haibadiliki ndani ya mtandao mmoja (RFC 7217) pamoja na anwani za muda zinazobadilishwa mara kwa mara (RFC 8981). Usishtuke basi ukikuta simu moja ina anwani tatu au nne. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa sababu nusu ya pili ni biti 64, kiambishi kinachotangazwa kwa kujitungia anwani lazima kiwe /64. Ukitangaza /48 nzima uliyopewa na mtoa huduma bila kuikata, keneli ya Linux (kiini cha mfumo) kwenye vifaa itaandika "prefix with wrong length 48" kwenye logi na hakuna kifaa kitakachopata anwani. Vivyo hivyo, ukipewa /64 moja nawe una mitandao miwili, ya ofisi na ya wageni, huwezi kuipasua kuwa /65 mbili. Rudi kwa mtoa huduma uombe /56, ambayo ndani yake mna /64 zipatazo 256. Mtoa huduma mwenye /32 ana /56 zaidi ya milioni 16, kwa hiyo asikwambie zimeadimika.

Kabla ya faili, keneli

Mashine inayotangaza kuwa ni ruta lazima iwe inapitisha pakiti kweli. Isipokuwa hivyo radvd italalamika kwenye logi kuhusu mpangilio wa forwarding, na vifaa vitatuma pakiti zao kwenye shimo. Tuseme enp1s0 ni kadi ya upande wa mtoa huduma, na enp2s0 ni ya upande wa ndani:

sysctl -w net.ipv6.conf.enp1s0.accept_ra=2
sysctl -w net.ipv6.conf.all.forwarding=1
ip -6 addr add 2001:db8:40:1::1/64 dev enp2s0

Usibadili mfuatano huo. Kwa kawaida accept_ra ni 1, maana yake "pokea matangazo ya ruta nyingine mradi mimi mwenyewe si ruta". Ukiwasha forwarding kwanza, keneli hufuta papo hapo lango ililojifunza kutoka kwa mtoa huduma, na mashine inakatika intaneti, pengine ukiwa umeingia kwa SSH kutoka mbali. Thamani 2 ina maana ya "pokea hata nikiwa ruta". Mistari hiyo miwili iandikwe pia kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, la sivyo itapotea mashine ikiwashwa upya. Mstari wa tatu husahaulika kwa sababu watu hudhani radvd itaipa ruta anwani. Haiipi, inawatangazia wengine tu.

Kisha ngome (firewall). Tabia ya IPv4 ya kufungia ICMP yote ukiileta huku, mtandao mzima unakufa. Aina za 133 hadi 136 lazima zipite upande wa ndani. Aina ya 2, inayosema pakiti ni kubwa mno, lazima ipite pande zote, la sivyo kurasa ndogo zitafunguka na kubwa zitaganda.

Faili lenyewe

/etc/radvd.conf ya mtandao mdogo haizidi mistari ishirini:

interface enp2s0
{
    AdvSendAdvert on;
    MaxRtrAdvInterval 600;
    AdvDefaultLifetime 1800;
    prefix 2001:db8:40:1::/64
    {
        AdvOnLink on;
        AdvAutonomous on;
        AdvValidLifetime 86400;
        AdvPreferredLifetime 14400;
    };
    RDNSS 2001:db8:40:1::53
    {
        AdvRDNSSLifetime 1800;
    };
};

AdvSendAdvert isipoandikwa huwa off. Huduma itawaka, systemctl itakuonyesha rangi ya kijani, na hakuna tangazo hata moja litakalotoka. Angalia pia nukta-mkato baada ya kila mabano ya kufungia. Ikikosekana, faili zima hukataliwa. Kabla ya kuwasha, ipime kwa radvd -c -C /etc/radvd.conf.

AdvOnLink inaviambia vifaa kwamba anwani za kiambishi hiki ziko kwenye waya huu, kwa hiyo viongee moja kwa moja bila kupitia ruta. AdvAutonomous ndiyo ruhusa ya kujitungia anwani. Ni mambo mawili tofauti, na unaweza kuwasha moja ukaliacha jingine. Kama kiambishi chako hubadilika, unaweza kuandika prefix ::/64 badala ya namba kamili, na radvd itachukua viambishi ilivyovikuta kwenye anwani za kadi hiyo.

Saa zinazohesabu kurudi nyuma

Kwenye faili hilo kuna saa nne, na kila moja inapima kitu chake.

AdvDefaultLifetime, sekunde 1800, ni muda ambao ruta hii ni lango. Lisipofika tangazo jipya ndani ya nusu saa, kifaa hufuta njia ya kutokea ingawa anwani yake bado ipo. Kanuni ya kawaida ni mara 3 ya MaxRtrAdvInterval, ili matangazo mawili yakipotea la tatu liokoe jahazi. Ukiweka 0 unasema "chukueni kiambishi, lakini mimi si mlango", mpangilio unaofaa kwa mashine inayogawa anwani za ndani za fd00::/8 peke yake.

AdvRDNSSLifetime ni muda wa seva ya DNS. RFC 6106 ya mwaka 2010 iliruhusu muda mfupi, kati ya kipindi kimoja na viwili vya matangazo, na kwenye Wi-Fi, ambako pakiti za kundi (multicast, zinazotumwa kwa wote kwa pamoja) hupotea bila kurudiwa, simu zikawa zinapoteza DNS katikati ya siku. RFC 8106 ya mwaka 2017 ikapandisha muda wa kawaida kuwa mara 3. Faili la zamani lenye namba ndogo hapa ni la kurekebishwa leo hii. Kwenye Linux kuna la ziada: keneli haishughuliki na RDNSS, yaani sehemu ya tangazo inayotaja seva ya DNS, inaiachia programu kama NetworkManager au systemd-networkd. Mashine isiyo na programu ya namna hiyo itapata anwani na lango, ila haitajua jina lolote la tovuti.

Saa mbili zilizobaki ni za anwani yenyewe. Muda wa kupendelewa (AdvPreferredLifetime) ukiisha, anwani inastaafu: haianzishi mazungumzo mapya, ila inamalizia yaliyokuwa yanaendelea. Muda wa uhalali (AdvValidLifetime) ukiisha, anwani inafutwa. RFC 4861 iliweka siku 7 na siku 30. Radvd kwa kawaida huweka saa 4 na saa 24. Muda wa kupendelewa ukizidi wa uhalali, kifaa hukipuuza kiambishi chote kimyakimya.

Sasa chukua nyumba ambayo mtoa huduma huipa kiambishi kipya kila ruta inapounganika upya. Umeme unakatika, unarudi baada ya dakika tano. Laptopu iliyokuwa kwenye betri haikuzimika, na swichi yenye betri ya akiba nayo haikuzimika. Ruta inarudi na 2001:db8:40:9::/64 badala ya 2001:db8:40:7::/64 na kuanza kutangaza kipya. Laptopu inaongeza anwani mpya, lakini ya zamani bado ina saa tatu na zaidi za kupendelewa. Inazo mbili, zote zinaonekana nzima, na pengine itatumia ile ya zamani. Pakiti zinatoka na anwani ambayo mtoa huduma haitambui tena, anazitupa, na kwa mwenye nyumba dalili ni kurasa zinazoganda sekunde kadhaa kisha kufunguka kwa IPv4, au zisifunguke kabisa. Atazima Wi-Fi na kuiwasha, itapona, na atasema intaneti ya IPv6 haiaminiki.

Wazo la kwanza ni kutangaza kiambishi cha zamani kikiwa na muda wa uhalali wa 0. Halifanyi kazi. RFC 4862 inakataza kifaa kushusha uhalali chini ya saa 2 kwa tangazo la kawaida: kama zimebaki zaidi ya saa 2, tangazo lenye 0 litaishusha hadi saa 2 tu, kama zimebaki pungufu, litapuuzwa. Sababu yake ni nzuri, kwa kuwa tangazo halina saini, na bila kizuizi hicho mtu yeyote angeweza kufuta anwani za jengo zima kwa pakiti moja. Lakini kizuizi hicho hakigusi muda wa kupendelewa, nao unaweza kuushusha hadi 0 mara moja. Kwa hiyo kwenye faili unaongeza:

    prefix 2001:db8:40:7::/64
    {
        AdvPreferredLifetime 0;
        AdvValidLifetime 7200;
    };

Anwani ya zamani inastaafu papo hapo na mazungumzo mapya yote yanatumia mpya. Kipande hicho cha faili unakiondoa baada ya siku moja.

radvd ina pia DeprecatePrefix on, inayofanya jambo hilo hilo huduma inapozimwa kwa utaratibu. Umeme hauzimi kwa utaratibu, wala kill -9, amri ya kuua programu ghafla. Kwa hiyo ruta inatakiwa iandike kwenye diski kiambishi ilichokuwa nacho, na ikiwaka ikilinganishe na kipya. RFC 9096 ya mwaka 2021 inashauri hilo kwa ruta za nyumbani, na inaweka kikomo cha muda wa kupendelewa kuwa sekunde 2700 na uhalali 5400. Kwa kiambishi kisichotulia, tumia namba hizo. Kwa ofisi yenye kiambishi cha kudumu, za radvd zinatosha.

DHCPv6 haichukui nafasi ya tangazo

Kuna wanaotaka daftari la nani ana anwani gani, wakawasha AdvManagedFlag na kuzima AdvAutonomous ili kila kitu kitoke kwa DHCPv6. Wajue mambo mawili. Kwanza, DHCPv6 haina namna ya kumpa mtu lango la kutokea. Lango hutoka kwenye tangazo la ruta tu, kwa hiyo radvd utaiendesha vilevile. Pili, simu za Android haziombi anwani moja moja kwa DHCPv6. Kwenye mtandao kama huo zitabaki na IPv4 peke yake, au bila intaneti kama IPv4 haipo. AdvOtherConfigFlag ni nyepesi zaidi: kifaa kinajitungia anwani, kisha kinauliza DHCPv6 mambo mengine kama seva ya saa. Ukiwasha AdvManagedFlag na kuacha AdvAutonomous ikiwa on, vifaa vitachukua anwani kwa njia zote mbili, na daftari lako litaonyesha nusu ya ukweli.

Kwenye Wi-Fi

Kila tangazo la kundi huiamsha kila simu iliyolala mfukoni. RFC 7772 ya mwaka 2016 inashauri yasizidi 7 kwa saa, na vifaa vinavyouliza vijibiwe kimoja kimoja badala ya kupigia kelele ukumbi mzima. Hilo la pili ni AdvRASolicitedUnicast, na kwenye radvd ya sasa liko on tayari. La kwanza ni juu yako: kwa ukumbi wenye simu mia mbili, MaxRtrAdvInterval ya 1800, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa mujibu wa RFC 4861, pamoja na AdvDefaultLifetime ya 5400, ni busara zaidi kuliko sekunde 10 zinazoonekana kwenye mifano mingi ya zamani.

Anayetangaza bila kutumwa

Hakuna kinachozuia kifaa chochote kwenye waya kujitangaza kuwa ruta. Mara nyingi si uadui. Kompyuta za Windows zilizowashwa kushiriki intaneti zilijulikana sana kwa kutangaza viambishi vya 2002::/16, na RFC 6104 ya mwaka 2011 iliandikwa kueleza tatizo hili tu. Ukikuta vifaa vina anwani zinazoanza na 2002 ambazo hukuzitangaza, mtafute aliyewasha kitu hicho. Chanzo kingine ni mlango wa swichi uliofungwa vibaya, tangazo la VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile) ya wageni likavujia ya ofisi.

AdvDefaultPreference high hufanya vifaa vikupendelee wewe kuliko aliyejitangaza kwa bahati mbaya, lakini mwenye nia mbaya ataandika high pia. Kinga halisi iko kwenye swichi na huitwa RA-Guard (RFC 6105): tangazo la aina ya 134 linaruhusiwa kuingia kupitia mlango wa ruta tu. Swichi za bei ndogo hazina. Hata zilizo nayo, za zamani zilidanganyika kwa tangazo lililokatwa vipande, hadi RFC 6980 ya mwaka 2013 ikapiga marufuku kukata pakiti za aina hii. Na kwa anayeona kuwa haya ni ya vitabuni: Oktoba 2020 Microsoft ilitoa kiraka cha CVE-2020-16898, udhaifu wa Windows katika kusoma kipengele cha RDNSS ndani ya tangazo la ruta, ambao ungeweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha programu yake kwenye mashine.

Kusikiliza waya

radvdump huja pamoja na radvd. Iendeshe kwenye mashine yoyote ya mtandao huo na itakuandikia kila tangazo linalopita, katika muundo ule ule wa faili, pamoja na anwani ya fe80 ya aliyelituma. Ukiona matangazo kutoka anwani mbili nawe una ruta moja, umempata mgeni. rdisc6 enp2s0, kutoka kifurushi cha ndisc6, hutuma ombi na kuonyesha jibu bila kungoja.

Upande wa kifaa, ip -6 route show default itatoa kitu kama hiki:

default via fe80::5054:ff:fe12:3456 dev wlan0 proto ra metric 1024 expires 1712sec pref medium

Iangalie ile expires mara kadhaa, ukipisha dakika moja moja. Kwenye mtandao usio na hitilafu hushuka kisha huruka kurudi 1800 kila tangazo linapofika. Kuna hitilafu moja inayowasumbua watu kuliko zote: IPv6 inafanya kazi vizuri mtu anapojiunga, kisha baada ya nusu saa kamili inakufa, na akizima Wi-Fi na kuiwasha inapona kwa nusu saa nyingine. Ukiitazama expires utaiona ikishuka moja kwa moja hadi 0 bila kuruka. Maana yake jibu la ombi, lililotumwa kwa kifaa hicho peke yake, linafika, lakini matangazo ya kundi kwenda ff02::1 yanamezwa njiani, aghalabu na swichi au kituo cha Wi-Fi kinachochuja pakiti za kundi kupita kiasi. Kuthibitisha, weka AdvRASolicitedUnicast off kwa muda, upakie upya kwa systemctl reload radvd, kisha unganisha simu upya. Ikikosa anwani kabisa, hata ile ya nusu saa ya kwanza, radvd yako haina kosa. Ingia kwenye mipangilio ya swichi, na ukimaliza irudishe on.